Waliosoma Barua za Katibu Mkuu

Jumamosi tarehe 11 Novemba 1961, ndege mbili za mizigo aina ya C-119 zilitua Kindu, mji wa Kongo. Zilikuwa za jeshi la anga la Italia, zikitumikia Umoja wa Mataifa, na zilileta mahitaji ya kikosi cha askari wa Malaya wapatao 200 waliokuwa mjini kulinda amani. Wanahewa 13 wakaenda kula chakula cha mchana katika bwalo la maofisa. Hawakurudi. Askari wa jeshi la Kongo waliokuwapo, watiifu kwa mwanasiasa Antoine Gizenga wa Stanleyville, waliwadhani mamluki wa Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga, wakawakamata, wakawapiga na kuwaua wote.

Hofu ile ilikuwa na asili yake. Kindu ni mahali ambapo vyombo vya mto Lualaba hukutana na reli ielekeayo kusini, Kongolo na Katanga. Tshombe alikuwa ameitenga Katanga tangu Julai 1960, na alikuwa na ndege za kivita zilizorushwa na Wazungu wa kukodiwa. Kwa askari aliyesubiri vita kutoka upande huo, Mzungu aliyeshuka kutoka ndegeni alikuwa adui mpaka ithibitike vinginevyo, na hakuna aliyemthibitishia kwa wakati.

Askari wale walijua machache mno kuhusu Umoja wa Mataifa. Lakini mwaka uleule, kuhusu kazi yake katika Kongo ileile, walikuwapo watu wa mbali sana waliojua mengi mno.

Karibu wiki nane kabla ya mauaji ya Kindu, usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba, ndege iliyoitwa Albertina ilianguka karibu na Ndola, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Ndani yake alikuwamo Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, akienda kuzungumza na Tshombe ili mapigano yasimamishwe. Alikufa yeye na wenzake 15. Kwa ujumbe wake wa siri, Hammarskjöld alitumia mashine ya CX-52. Mwandishi alipanga pini katika magurudumu sita, akazungusha mpini, na kila herufi ikatoka imegeuzwa kuwa nyingine. Mpokeaji mwenye mashine iliyopangwa vilevile ndiye pekee aliyepaswa kuyarudisha maneno katika hali yake.

Mashine hiyo ilitengenezwa na Crypto AG, kampuni ya Boris Hagelin, Mswidi aliyehamishia kazi yake Zug, Uswisi. Uswisi ilikuwa nusu ya biashara yenyewe, kwani nani angeogopa nchi isiyo na upande? Wanunuzi hawakujua kwamba mwaka 1951, mjini Washington, Hagelin alikuwa ameshapatana na rafiki yake William Friedman, bingwa wa Marekani wa kufumbua maandishi ya siri. Walikubaliana kwamba mashine imara kabisa ziuzwe kwa nchi zilizokubaliwa na Marekani, na nchi nyingine zipewe zilizo dhaifu. Mwaka 1970 mapatano yakageuka umiliki: CIA na BND, idara ya ujasusi ya Ujerumani Magharibi, waliinunua kampuni yote kwa siri. Serikali za nchi zaidi ya 120 zilipata kuwa wateja wake, zikilipa fedha nzuri ili barua zao zisomwe. Ulimwengu ulipata habari kamili Februari 2020, magazeti na televisheni za Marekani, Ujerumani na Uswisi zilipoifichua.

Jopo la Umoja wa Mataifa lililochunguza upya kifo cha Hammarskjöld lilieleza mwaka 2015 kwamba ujumbe wa CX-52 yake unaelekea ulinaswa na idara za Marekani na Uingereza, kwa sababu mashine ilikuwa na mpangilio wa siri ambao idara hizo zilikuwa nao. Hakuna aliyehitaji kuumiza kichwa kwa hesabu. Kufuli lilikuwa zima, ila fundi alikuwa ametoa ufunguo wa ziada.

Barua pepe iliyosimbwa, yaani iliyogeuzwa kuwa maandishi ya siri, imeirithi tabia hiyo. Hesabu zake leo ni ngumu kuvunjwa kuliko za Hagelin, na kwa hiyo serikali huzunguka kando yake. Mwaka 2007 ilijulikana kwamba huduma ya Hushmail ya Kanada ilitoa barua za wateja wake zikiwa zimefumbuliwa kwa amri ya mahakama, maana kwa njia moja ya kuitumia nywila ya mteja ilipita katika mitambo ya kampuni. Mwaka 2013 serikali ya Marekani ilimtaka Ladar Levison, mwenye huduma nyingine ya aina hiyo iliyoitwa Lavabit, akabidhi funguo za mfumo mzima. Alikabidhi, kisha akaifunga kampuni. Mwaka 2021 ikawa zamu ya ProtonMail ya Geneva. Polisi wa Ufaransa waliwatafuta vijana wanaharakati wa mazingira mjini Paris. Ombi lao likafika Uswisi, na mamlaka za Uswisi zikaiamuru kampuni irekodi anwani ya intaneti ya mtu aliyetumia akaunti yao ya ProtonMail. Barua zenyewe hazikusomwa, wala haikuhitajika. Anwani ilitosha kumfikia mtu.

Anayeandika leo kutoka Kindu kwa huduma ya Geneva yuko chini ya sheria mbili. Uswisi inaitawala kampuni inayobeba barua. Kongo inaitawala kampuni ya simu iliyomuuzia laini na inayomjua kwa jina. Katiba ya Kongo ya 2006, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya siri ya barua na mawasiliano yake, kisha inaongeza kwamba haki hiyo yaweza kuguswa katika hali zilizowekwa na sheria. Katiba nyingi duniani husema hivyohivyo. Usimbaji humlinda mwandishi dhidi ya jirani, mwizi na mdukuzi, na huwalazimisha polisi kupitia kwa hakimu. Haumwondoi mtu mikononi mwa dola, na haufichi kwamba aliandika, wakati gani, akiwa wapi.

Kwa upande wa pili, siri za dola zina ulinzi mwingine kabisa. Mwenyekiti wa jopo la 2015 alikuwa Mohamed Chande Othman, wakati huo Jaji Mkuu wa Tanzania, na baadaye aliendelea na kazi hiyo peke yake kwa niaba ya Umoja wa Mataifa. Miaka kwa miaka amezitaka Marekani, Uingereza na nchi nyingine zifungue kumbukumbu za ujasusi za Septemba 1961, zionyeshe zilisikia nini usiku Albertina ilipoanguka. Amepata kidogo. Hammarskjöld hakuulizwa kabla ya barua zake kusomwa, ila anayetaka kujua kilichosomwa humo hana budi kuomba ruhusa kwa waliozisoma.