Lubumbashi: Mitaa ya Kazi, Mitaa ya Sanaa

Katikati ya mji
Mji ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, mwaka uleule reli kutoka kusini ilipofika. Mwaka 1911 kampuni ya Union Minière ilianza kuyeyusha shaba karibu na mto Lubumbashi. Mtawala wa kikoloni Émile Wangermée alisimamia upangaji wa mitaa iliyonyooka. Hapa yako Kanisa Kuu la Watakatifu Petro na Paulo na jumba la maonyesho lililofunguliwa mwaka 1956. Chini ya ukoloni eneo hili lilikuwa la Wazungu. Ukanda usiojengwa uliachwa kulitenga na makazi ya Waafrika.

Kamalondo na Kenya
Ng'ambo ya ukanda huo, katika komini za Kamalondo na Kenya, wafanyakazi waliotoka Katanga, Kasai na Rhodesia ya Kaskazini walijenga maisha mapya ya mjini, kwa Kiswahili chao, baa zao na muziki wao. Komini ya Kenya ndiyo iliyolipa jina kundi la Jecoke, yaani Vijana Wachekeshaji wa Kenya.

Wachoraji
Mwaka 1946 Pierre Romain-Desfossés alianzisha karakana iliyojulikana kama Le Hangar, walikokuzwa Pilipili Mulongoy, Bela na Mwenze Kibwanga. Miaka ya 1970 Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya Kongo kwenye vitambaa vya magunia ya unga, kwa macho ya watu wa kawaida.

Leo
Tangu mwaka 2008 tamasha la sanaa la Picha limewaleta wasanii na wakazi wa pande zote mbili za ukanda ule wa zamani pamoja.