Pauni kumi, meli moja na malungu ya Ufipa

Barabara ya Muze huteremka Lyamba lya Mfipa kwa kona zinazoziba masikio, kisha joto la bonde la Rukwa hukupokea pamoja na mashamba ya mpunga. Reli huku hakuna. Mkoa mzima wa Rukwa hauna: anayeitaka treni ya TAZARA huifuata Tunduma, na anayelitaka tawi la Reli ya Kati hupanda basi mpaka Mpanda. Kuzungumzia tramu ya umeme katika mazingira haya ni kama kumsimulia mvuvi wa Rukwa habari za theluji. Hata hivyo kuna tramu moja iliyonifanya niyatazame upya masalia ya chuma ya Ufipa, na sijaweza kuiacha.

Ni ya Southampton, Uingereza. Mwaka 1948 mji ule ulikuwa unaziondoa tramu zake barabarani, na wapenzi wachache wa vyombo hivyo wakalitamani gari namba 45. Wakalinunua kwa pauni 10. Lilikuwa limeundwa 1903, la ghorofa mbili, ghorofa ya juu haina paa. Viti vya juu vilipangwa katikati mgongo kwa mgongo, kwa sababu njia ilipita chini ya Bargate, lango la kale la mji, na tao la lango lile halikuwa na huruma kwa vichwa vya abiria. Yaani mawe ya zamani ndiyo yaliyoamua watu wa karne ya ishirini wakae vipi. Mimi hilo hunifurahisha kuliko mota yenyewe.

Pauni 10 zilikuwa kazi nyepesi. Gari la relini lisilo na reli ni mzigo: utaliweka wapi, litembee juu ya nini? Ilibidi kusubiri hadi 1959, walipopata machimbo ya mawe yaliyoachwa huko Crich, Derbyshire. Wakatandika reli, wakasimamisha nguzo, wakavuta waya, na mwaka 1964 umeme ukaanza kuyaendesha magari yao. Umeme hushuka kutoka waya wa juu kupitia mti uliowekwa juu ya gari, huzungusha mota zilizo chini ya gari, kisha hurudi kwa njia ya reli. Kulieleza ni rahisi. Kulidumisha kunataka mtu wa kusuka mota iliyoungua, wa kuchonga mbao za mwili wa gari, wa kufua kipuri ambacho hakuna kiwanda kinachokitoa tena.

Pwani yetu haikupata watu wa namna hiyo. Mombasa ilikuwa na magari madogo ya relini yaliyosukumwa na watu kwa nguvu za mikono, bwana amekaa kivulini. Unguja ilikuwa na reli ya Bububu, iliyoanza 1905, ya treni ya mvuke. Siku hizi vyote viwili hupandwa katika picha tu.

Upande wetu wa magharibi mambo ni tofauti. Meli ya Liemba, ya Ziwa Tanganyika, iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kwa jina la Graf von Götzen. Ikafunguliwa vipandevipande, ikaja Dar es Salaam ndani ya masanduku, ikapelekwa Kigoma na kuungwa upya. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isiangukie mikononi mwa adui, lakini mafundi wake waliipaka mitambo grisi nzito kwanza. Waingereza waliiopoa 1924, ikarudi kazini 1927 ikiwa na jina la kale la ziwa. Kwa miongo mingi ilishuka na kupanda ziwani hadi Kasanga, ule uliokuwa Bismarckburg, na kuvuka mpaka hadi Mpulungu. Vituo vingi havikuwa na gati. Mitumbwi iliisogelea, na abiria walishuka na magunia ya dagaa, watoto wakipokezanwa juu ya maji.

Mvuke wake ulitolewa, ikawekwa injini za dizeli katika miaka ya 1970. Mhifadhi wa Crich angelalamika: mmeutoa moyo, mmebakiza ngozi. Lakini Liemba haikuhifadhiwa na mpenzi wa meli hata mmoja. Ilihifadhiwa na mwanamke wa Kirando aliyetaka kufika Kigoma, na yeye hakujali moyo ulitumia nini. Mwaka 2015 iliwabeba wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga. Chombo cha makumbusho hakipewi kazi kama hiyo.

Ningeishia hapo, ningesema Wazungu huhifadhi kitu na sisi huhifadhi kazi. Malungu yananikataza. Haya ni matanuru marefu ya udongo wa kichuguu, baadhi yake yamemzidi mtu kimo karibu mara mbili, ambayo Wafipa waliyatumia kuyeyushia mawe ya chuma. Hayakuvukutwa: matundu ya chini yalivuta hewa yenyewe. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa katika tanuru dogo, kintengwe, na hilo ndilo lililotaka mivukuto. Fundi mkuu alikuwa na kapu lake la dawa, na tanuru lilitendewa kama bibi harusi. Majembe ya dukani yaliivunja kazi ile. Mwandishi mmoja, Greig, aliieleza katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1937, na katika miaka ya 1990 Bertram Mapunda akayachunguza mabaki ya Nkasi, huko huko Ufipa, kama mwanaakiolojia, yaani kama mtu anayesoma kilichokwisha.

Hapa mizani inageuka. Kitu tunacho, kimesimama. Mikono ndiyo iliyoondoka. Wahunzi wa leo wanafua mapanga mazuri kwa chuma chakavu, lakini kulipakia ilungu, yaani tanuru moja la malungu hayo, mkaa na mawe kwa mpangilio wake, na kujua kwa rangi ya moto kwamba limeiva, ni elimu nyingine. Na wale wa Crich, niliodhani wanaabudu bati na mbao, kumbe kila mwaka wanamfundisha kijana mwingine kuendesha, kufunga breki, kusuka mota.

Kwa hiyo gari namba 45, lililotolewa barabarani, lina mafundi. Ilungu la Nkasi lina mkulima anayelizungukia na plau lake, ng'ombe wakikata kona mahali palepale kila msimu.