Ufadhili wa Utafiti katika Sayansi ya Ukokotozi

Mwanafunzi wa uzamivu hulipiwa kwa njia mbili kuu. Katika njia ya kwanza profesa hupata fedha za mradi, akamwajiri mwanafunzi, na mradi ndio unaoamua kitakachotafitiwa. Katika ya pili fedha hupewa mwanafunzi mwenyewe, naye akachagua swali na msimamizi. Hii ya pili mara nyingi huitwa kwa Kiswahili ufadhili wa masomo. Jina hilo halitoshi, kwa kuwa hata anayelipiwa ada ya shahada ya kwanza ana ufadhili wa masomo. Ufadhili wa utafiti ni istilahi bora: inaitaja kazi yenyewe.

Mfano mzuri ni mpango wa Wizara ya Nishati ya Marekani wa sayansi ya ukokotozi, CSGF, ulioanza mwaka 1991. Hugharimia ada na posho ya kujikimu kwa muda usiozidi miaka minne, lakini una masharti. Mwanafizikia, kwa mfano, lazima asome pia hisabati na sayansi ya kompyuta, kisha afanye kazi wiki 12 katika maabara ya taifa kama Los Alamos au Oak Ridge.

Kwa nini asisome fani yake tu? Jibu limo katika neno ukokotozi. Sayansi ya kompyuta huchunguza kompyuta na programu zake. Sayansi ya ukokotozi huitumia kompyuta kuchunguza bahari, hewa, nyota au mwili. Chombo chake kikuu ni modeli ya kinambari.

Chukua tsunami ya 26 Desemba 2004, iliyoanzia karibu na Sumatra ikafika Somalia, Kenya na Tanzania siku hiyohiyo. Milinganyo ya mwendo wa maji inajulikana, ila kwa bahari yenye milima na mabonde chini yake haitatuliki kwa kalamu. Basi bahari hukatwa miraba, kila mraba ukapewa namba zake: kina, kimo cha uso wa maji, kasi. Kompyuta huzibadili namba hizo hatua kwa hatua. Penye kina cha mita 4,000 wimbi hilo hukimbia takribani mita 200 kwa sekunde, kwa hiyo huvuka mraba wa kilomita 2 kwa sekunde 10. Katika mbinu nyingi za kawaida, hatua ya muda ikizidi hapo namba huyumba, hukua bila kikomo, na matokeo yote huharibika. Wanahisabati Courant, Friedrichs na Lewy walilieleza sharti hili mwaka 1928, kabla ya kompyuta za kielektroniki. Ukitaka miraba ya kilomita 1, idadi yake huwa mara nne na hatua mara mbili: kazi mara nane.

Anayejua fizikia peke yake ataziona namba zikiharibika asijue sababu. Ndiyo maana masharti ya CSGF ni ya haki kabisa.

Wapo pia wafadhiliwa wa baada ya uzamivu. Maabara ya Argonne, karibu na Chicago, ina ufadhili wenye jina la James Wilkinson, Mwingereza aliyechunguza makosa ya kukata desimali. Kompyuta haiwezi kuhifadhi 0.1 kikamilifu katika mfumo wake wa jozi. Huikata mahali fulani, na katika hatua milioni moja kipande kilichoachwa kinaweza kuwa kosa kubwa.