Saa za Dansi Katika Nchi ya Ng'ambo ya Nzoia

Kila mwaka huulizwa katika chama chetu kwa nini majumba ya dansi yafungwe mapema, na ni nani aliyeiweka saa hiyo. Twaona yafaa kueleza ilikotoka.

Mashamba ya nchi hii waligawiwa Wazungu, wengi wao askari wa vita, tangu mwaka wa 1919. Na reli ilipofika Kitale mwaka wa 1926 mji ukaanza kukua. Zikawako saa za namna mbili. Mzungu alikuwa na klabu yake, akicheza hata apendapo. Skwota wa shambani, usiku wake ulikuwa mkononi mwa mwenye shamba. Naye aliyekaa kijijini alikuwa chini ya mzee wa Serikali, ambaye Sheria ya mwaka wa 1912 ilimpa uwezo wa kuzuia makutano ya pombe; na pombe na ngoma, nani awezaye kuzitenga? Watu walipopigwa risasi Malakisi mwezi wa Februari 1948, na Dini ya Msambwa ikapigwa marufuku mwezi huo huo, haikuwa rahisi tena kukusanyika usiku bila kutiliwa shaka, hata kama palikuwapo litungu na wazee tu.

Baadaye likaja gitaa la omutibo, lililovumishwa na George Mukabi, huku mwenzi wake akikwaruza chupa ya soda. Ngoma hiyo haikuhitaji jumba, ua ulitosha.

Saa tunazozijua leo asili yake ni Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka wa 2010, ambayo watu waliiita Sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeileta. Baa iliruhusiwa kuuza tangu saa 11 jioni hata saa 5 usiku. Jumamosi, Jumapili na sikukuu ilifunguliwa saa 8 mchana. Lakini mwenye leseni ya klabu ya usiku alipewa tangu saa 1 usiku hata saa 9. Basi majirani wawili, wenye vinanda vya namna moja na wateja wale wale, mmoja alifunga saa 5 na mwenzake akaendelea, kwa ajili ya neno moja katika karatasi. Katiba ya mwaka huo huo iliwapa Kaunti kazi ya kusimamia burudani na leseni za vileo.

Hatusemi kwamba milango isifungwe. Twasema tu kwamba kijana atolewaye jumbani haendi kulala. Huenda kwenye disko matanga, penye vipaza sauti uwanjani mwa wafiwa, fedha zikichangwa kwa ajili ya maziko, pasipo leseni wala bawabu wa kuuliza umri wa binti aingiaye. Marufuku ya disko hizo yametangazwa mara nyingi katika nchi ya magharibi, na mimba za wanafunzi zimetajwa kila mara kuwa sababu. Kwa maoni yetu hilo ndilo jambo zito kuliko baa yo yote.

Saa kali kuliko zote zililetwa na maradhi ya korona. Tarehe 27 Machi 2020 watu waliamriwa kuwa nyumbani saa 1 jioni. Amri ililegezwa baadaye. Kisha, tangu tarehe 18 Juni 2021, kaunti 13, Bungoma na Trans Nzoia zikiwamo, zikarudishwa kwenye saa 1 ile ile, hali Nairobi ilibaki saa 4 usiku. Katazo liliondolewa nchi nzima tarehe 20 Oktoba 2021, Siku ya Mashujaa.