CHEREHANI NA MKOPO: HISTORIA YAKE NA FUNZO KWETU

Katika miaka hii 10 ya kuweka na kukopa kuna swali moja ambalo halikosi kujitokeza sanduku linapofunguliwa: mama akiomba mkopo wa cherehani, anunue ipi? Wapo wanaosema ya umeme ndiyo ya kisasa, wapo wanaosema ya miguu ndiyo mkombozi. Tusigombane. Tuitazame kwanza historia ya chombo chenyewe, kwa sababu majibu mengi yamo humo.

Mwanzo wake haukuwa wa amani. Mfaransa mmoja, fundi nguo Barthélemy Thimonnier, alipata hati ya kulinda uvumbuzi wake mwaka 1830. Mwaka uliofuata mafundi wa Paris waliivamia karakana yake wakavunja mashine zipatazo 80, kwa hofu ya kunyang'anywa riziki. Huko Marekani, Elias Howe alipata hati yake mwaka 1846 kwa mashine ya nyuzi mbili, mmoja wa juu na mwingine wa chini. Mwaka 1851 akafuata Isaac Singer.

Mashine ilikuwa nzuri, lakini bei sasa! Singer aliuza kwa dola 100 na zaidi, wakati familia ya kawaida ya Marekani ilipata kama dola 500 kwa mwaka mzima. Nani angeinunua? Ndipo mshirika wake, mwanasheria Edward Clark, alipoanzisha mwaka 1856 utaratibu wa kulipa kidogo kidogo. Unatoa kianzio, unaichukua mashine nyumbani, inashona huku unalipa. Akina mama, mnaona? Cherehani iliingia majumbani kwa mkopo tangu enzi hizo. Hata Mahatma Gandhi wa India, ambaye hakuzipenda mashine kubwa za viwandani, aliisifu cherehani ya Singer mwaka 1924 kuwa ni moja ya vitu vichache vya manufaa vilivyopata kubuniwa.

Kwetu Afrika Mashariki cherehani zilishuka bandarini, zikapanda bara pamoja na maduka ya Wahindi. Fundi, mara nyingi mwanamume, aliketi barazani mwa duka la vitambaa. Mteja ananunua kitambaa ndani, anapimwa nje. Huku kwetu Mpanda mizigo ilisafiri kwa reli ya kutoka Kaliua, iliyojengwa baada ya vita ya 1939–1945 kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi.

Baada ya Uhuru, Umoja wa Wanawake ulianzishwa mwaka 1962 chini ya Bibi Titi Mohamed, na madarasa ya ushonaji ya akina mama yakaenea. Lakini kujua kushona ni jambo moja, na kumiliki cherehani ni jingine kabisa. Mwenye ujuzi asiye na mashine hubaki kuwa kibarua wa mwenye mashine. Pengo hilo ndilo vikundi kama chetu vinaloliziba. Mtindo wa akina mama kununua hisa na kukopeshana ulianza kule Niger mwaka 1991, ukaingia Tanzania kwenye miaka ya 2000, na leo umefika mpaka Sitalike.

Sasa turudi kwenye swali letu. Baada ya vita hiyo Wajapani walianza kutengeneza kwa wingi cherehani za muundo wa Singer namba 15, na Wachina nao wakafuata, wakiwemo watengenezaji wa Butterfly wa Shanghai. Ndiyo ile nyeusi ya chuma tunayoijua. Faida yake kubwa ni hii: kwa kuwa muundo ni mmoja, spea nyingi zinaingiliana. Bobini, mkanda na sindano vinapatikana kwa bei ndogo, na fundi wa kuitengeneza haitaji kutoka mbali. Cherehani ya umeme ina kasi na mishono mingi, hilo hatukatai. Lakini umeme ukikatika kazi imelala, na kifaa chake kikiungua unaweza kusubiri spea wiki nzima huku marejesho hayakusubiri.

Basi, anayenunua iliyotumika asidanganywe na rangi inayong'aa. Zungusha gurudumu kwa mkono. Liende laini bila kukwama. Shona kitambaa chepesi, kisha kunja khaki mara nne ushone tena. Tazama mshono juu na chini: uzi ukifanya vitanzi upande mmoja, muulize muuzaji sababu kabla hujatoa pesa. Shika kichwa cha mashine ukitikise, uone kama kimelegea. Ukishainunua, itie mafuta ya cherehani, siyo ya kupikia, maana hayo huganda. Sindano namba 14 inatosha kwa kitenge, 16 kwa sare za shule, 18 kwa jinzi. Kabla hujachomoa sindano ya zamani, angalia upande wake bapa umeelekea wapi.

Mwisho ni hesabu, na hapa ndipo wengi tunapoumia. Tuseme mkopo pamoja na riba ni shilingi 330,000, na kila nguo inakuachia faida ya shilingi 3,000. Hapo unahitaji nguo 110. Ukishona 3 kwa wiki, ni wiki 37. Je, wateja hao wapo? Mitumba ilipoenea tangu miaka ya 1980 wengi walidhani fundi amekwisha. Hakuisha, kazi yake ilibadilika ikawa kupunguza nguo, kubadili zipu na kushona sare. Januari 2016 elimu bila ada ilifika kidato cha nne, lakini sare mzazi bado anajinunulia. Shule zinafunguliwa Januari, ilhali fedha ya mkulima wa mahindi na mpunga inakuja baada ya mavuno. Kwa hiyo mshonaji wa Sitalike hushona sana wakati wateja hawana kitu, akalipwa baadaye. Watalii wanaopita kwenda Hifadhi ya Katavi wakinunua mkoba wa kitenge, tushukuru, ila deni tusilipangie kwao.

Pendekezo letu basi: mikopo ya cherehani ipangiwe marejesho madogo kabla ya mavuno na makubwa baada yake. Clark alilijua hilo mwaka 1856: mashine hulipwa na kazi yake yenyewe. Haba na haba hujaza kibaba, mradi kibaba kisitoboke.