Utetezi wa uhai katika Jimbo Katoliki la Tanga

Utetezi wa uhai ni huduma ya Kanisa Katoliki inayounganisha sala na msaada kwa mama mjamzito aliye katika shida. Papa Yohane Paulo II aliifafanua misingi yake katika waraka wa Evangelium Vitae, uliotolewa Machi 25, 1995.

Katika Jimbo la Tanga, lililoongozwa na Askofu Anthony Banzi kuanzia 1994 hadi alipofariki dunia Desemba 2020, waumini husali katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Humo jirani mwenye shida huweza kujulikana mapema, kabla hajaamua akiwa peke yake.

Sheria ni kali. Kwa mujibu wa kifungu cha 151 cha Kanuni ya Adhabu, mwanamke anayejaribu kutoa mimba yake anaweza kufungwa miaka saba.

Kwa mwanafunzi, hofu nyingine ilikuwa kufukuzwa shule. Novemba 24, 2021, Serikali ilitangaza kuwa waliojifungua wataruhusiwa kurejea masomoni. Lakini ruhusa hiyo pekee hailei mtoto: mama awapo darasani, sharti awepo wa kubaki naye. Hapo ndipo majirani waliosali pamoja naye wanapohitajika.