Fahamu Mfumo wa Kudhibiti Mwelekeo wa Setilaiti Ndogo

Mfumo wa kudhibiti mwelekeo ni mkusanyiko wa vifaa na programu unaoiwezesha setilaiti kujua imeelekea wapi na kujigeuza inavyotakiwa. Bila mfumo huo, kamera huweza kutazama gizani badala ya ardhini, na paneli za sola zikakosa jua.

Usahihi ni jambo la msingi. Kwa setilaiti iliyo umbali wa kilomita 500 juu ya Dunia, kosa la digrii moja huihamisha shabaha ya kamera kwa karibu kilomita 9. Kwa nchi kama Kenya, ambayo setilaiti yake Taifa-1 ilirushwa Aprili 15, 2023 kwa ajili ya kuchunguza ardhi, umbali huo unatosha kupiga picha ya eneo jirani badala ya shamba lililokusudiwa.

Ili kutambua mwelekeo, setilaiti hutumia vihisi vya jua, vihisi vya sumaku ya Dunia na kamera zinazotambua nyota. Ili kujigeuza, hutumia magurudumu madogo yanayoendeshwa kwa mota: gurudumu likiongezewa kasi upande mmoja, setilaiti hugeuka upande wa pili. Sumaku za umeme nazo husaidia kutuliza setilaiti inapoachiliwa ikiwa inazunguka ovyo, na kupunguza kasi ya magurudumu yanapofikia kikomo.

Kwa kuwa setilaiti ndogo ikisharushwa haifikiwi na fundi, majaribio mengi hufanyika ardhini. Setilaiti huwekwa juu ya meza inayoelea kwenye tabaka jembamba la hewa, ili igeuke karibu bila msuguano. Nyaya zilizozungushwa kuizunguka huiga sumaku ya Dunia, na taa kali huchukua nafasi ya jua. Wahandisi pia huzima kihisi kimojawapo kwa makusudi ili kuona iwapo programu itamudu hitilafu hiyo.

Gharama ya kasoro katika mfumo huu ilidhihirika Machi 2016, Japani ilipopoteza Hitomi, setilaiti kubwa ya uchunguzi wa anga. Mfumo wake uliamini kuwa setilaiti inazunguka ilhali imetulia, na magurudumu yakaizungusha kwa kujaribu kuisimamisha. Injini ndogo zilipowashwa kwa maelekezo yenye takwimu zisizo sahihi, mzunguko uliongezeka hadi baadhi ya sehemu zikakatika.

Kwa upande mwingine, ASTERIA, setilaiti ya Marekani yenye uzito wa takriban kilo 10 iliyoachiliwa angani Novemba 2017, ilimudu kuelekea nyota moja kwa usahihi wa takriban sehemu moja kati ya 7,200 za digrii. Mafanikio hayo yanathibitisha kuwa udogo si kikwazo, mradi mfumo umejaribiwa kikamilifu kabla ya kurushwa.